Jenerali Msuko na zile siku 12: aliyeingizwa mkenge ni nani hasa?

Beijing, Julai 1917. Vijana wauza magazeti wako barabarani wanapiga kelele, amri mpya za mfalme zimetoka, ila hawaziuzi kama habari, wanaziuza kama vitu vya kale. Njooni mnunue antiki, senti sita za shaba tu, hiki kitu siku chache zijazo kinakuwa cha kale kabisa, kwa bei hii mnapata bure. Aliyekuja kusimulia hilo ukubwani ni Puyi mwenyewe, yule mtoto aliyekuwa amerudishwa kwenye kiti cha enzi wiki hiyo. Na vijana walikuwa sahihi bwana, ufalme wenyewe uliishi kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 12, siku 12, nguvu ya soda.

Basi stori ya Jenerali Zhang Xun huwa inasimuliwa hivyohivyo, kama kichekesho. Mzee wa zaidi ya miaka 60, kichwa kimenyolewa mbele, nyuma kuna msuko mrefu unaning'inia mgongoni, askari wake wote nao na misuko wakati wenzao wameshakata tangu jamhuri iingie. Anaingia mji mkuu, anamnyanyua mtoto wa miaka 11, anamwambia wewe ni mfalme tena, siku ya 12 anakimbilia ubalozi wa Uholanzi. Watu wanacheka, yanaishia hapo. Mimi pia nimecheka miaka mingi. Ila kadiri ninavyozikalia hizi tarehe, tarehe tu, sijafika hata kwenye itikadi, naona kuna jamaa mwingine kwenye hii stori ambaye alitakiwa apekuliwe mifuko na hakuna anayemgusa.

Mambo ya nyuma nitayapitia mbiombio maana wengi mnayajua. Nasaba ya Qing, ile familia ya kifalme ya Wamanchu iliyokuwa inaitawala China, iliachia madaraka tarehe 12 Februari 1912 kwa makubaliano, mtoto akabaki na cheo chake cha ufalme, akabaki ndani ya kasri lake Beijing, na serikali ya jamhuri ikaahidi kumlipa milioni 4 kila mwaka (ahadi, malipo yenyewe yalikuwa yanasuasua). Jenerali Yuan Shikai akawa rais, akanogewa, mwishoni mwa 1915 akajitangaza mfalme yeye mwenyewe, ikamshinda, Juni 1916 akafa. Akabaki Li Yuanhong kwenye kiti cha urais na Duan Qirui kwenye uwaziri mkuu, na hao wawili hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Ishu iliyowagonganisha zaidi ilikuwa China iingie vitani dhidi ya Ujerumani au isiingie. Ni vita ileile iliyokuwa inawabebesha babu zetu mizigo porini mpaka Dar ikabaki na jina la Kariakoo. Duan alitaka kuingia, bunge likawa linasita, rais naye akawa upande wa bunge. Mei 1917 kundi la watu wa kukodiwa likalizunguka bunge kulitisha lipitishe, na tarehe 23 Mei Li akamfukuza Duan kazi.

Hapo magavana wa kijeshi wa mikoa wakaja juu, mmoja baada ya mwingine wakatangaza kwamba hawaitambui tena serikali ya Beijing. Rais hana jeshi. Akaangalia huku na huku, akaona wa kumsuluhishia ni Zhang Xun, mzee wa Xuzhou. Yaani rais wa jamhuri, kati ya watu wote, anamkaribisha mji mkuu mtu ambaye askari wake wanatembea na ufalme kichwani.

Huyu mzee ni nani? Wanaomcheka huwa wanaruka hapa. Alizaliwa 1854 Jiangxi, kijijini, akafiwa na wazazi angali mdogo, akakulia kwenye nyumba za watu kama mtoto wa kutumwa. Akaingia jeshini, na jeshi ndilo likamfanya mtu. Alikuwa Guangxi wakati wa vita na Wafaransa miaka ya 1880, akawa kwenye jeshi jipya la Yuan Shikai, na baada ya vurugu za mwaka 1900, familia ya kifalme iliporudishwa Beijing, yeye alikuwa kwenye msafara wa kumlinda Mama Mfalme Cixi. Fikiria yatima aliyekuwa akiosha vyombo vya watu, leo anatembea kando ya machela ya mwanamke mwenye nguvu kuliko wote nchini. Watu kama hao hawasahau. Mapinduzi ya 1911 yalipofika Nanjing wenzake wengi walipima upepo wakageuza shati, yeye akapigana mpaka mji ukamshinda mwanzoni mwa Desemba, akarudi nyuma mpaka Xuzhou na askari wake, na misuko yao.

Huo msuko nao una ajabu yake. Zhang hakuwa Mmanchu, alikuwa Mhan, yaani Mchina wa lile kabila kubwa, na msuko ni alama ambayo Wamanchu waliwalazimisha Wahan baada ya kuiteka nchi mwaka 1644, ukikataa kusuka unakatwa kichwa. Kwa hiyo wanamapinduzi walivyoona watu wanakata misuko waliona minyororo inakatika. Zhang aliona kitu kingine, aliona watu waliokula kwenye meza ya mtu miaka yote wanafuta midomo na kusema hatukuwahi kula hapa. Nani alikuwa sahihi? Kihistoria ni wale wakataji, hilo silipingi. Ila kwenye nchi ambayo kila mkubwa alikuwa ameapa viapo vitatu vinavyopingana ndani ya miaka mitano, mzee mmoja anayebaki na nywele zake walau ulikuwa unajua anasimama wapi.

Puyi anakumbuka walivyokutana mara ya kwanza katikati ya Juni 1917. Mtoto alikuwa ameambiwa anakuja mtu mtiifu mkubwa, akawa na hamu, na mzee alipoingia na kupiga magoti kitu cha kwanza dogo alichofanya ni kuchungulia kisogo chake aone kama ule msuko upo kweli au ni maneno ya watu. Ulikuwepo, una mvi zimechanganyika na nyeusi.

Sasa twende kwenye tarehe, maana hapa ndipo usingizi unanipotea.

Tangu 1916 Zhang alikuwa anaitisha vikao kwake Xuzhou, magavana wa kijeshi wanakuja au wanatuma wawakilishi, wanakula, wanakunywa, wanaongea. Xuzhou ipo kwenye reli ya Tianjin kwenda Pukou, ukiishika unashika koo la njia ya kaskazini na kusini, kwa hiyo hakuna aliyetaka kumuudhi mwenye nyumba. Na mwenye nyumba alikuwa anaongelea jambo lake moja tu bila kuficha, kumrudisha mfalme. Kwenye vikao hivyo alikuwepo mpaka Xu Shuzheng, mkono wa kuume wa Duan. Zhang mwenyewe mambo yalipomharibikia alilalamika kwa telegramu kwamba wote walikubali, akawataja, mpaka watu wa Duan na wa makamu wa rais Feng Guozhang, eti leo wananiita msaliti. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na kitambaa cha hariri ya njano walichosaini. Mimi hata hicho kitambaa sikihitaji. Ukimya wao vikaoni unanitosha. Walimvika mzee kilemba cha ukoka, akakivaa mpaka Beijing.

Tarehe 23 Mei Duan anafukuzwa. Mwanzoni mwa Juni Zhang anatoka Xuzhou na askari karibu 5,000, anasimama Tianjin, hafiki Beijing kwanza, anatuma sharti: bunge livunjwe, ndiyo nije kusuluhisha. Zingatia hapo. Bunge lilikuwa kero ya nani? Ya Zhang halikuwa, huyo angemrudisha mfalme bunge liwepo lisiwepo. Waliokuwa na kiu ya kulivunja walikuwa Duan na magavana wake, ila kwao kulivunja ingekuwa aibu mbele ya nchi na mbele ya mabalozi. Akatokea mzee na msuko wake akalivunja. Wu Tingfang, aliyekuwa kaimu waziri mkuu, alikataa katakata kuweka saini kwenye amri ya kulivunja, ikabidi atafutwe mwanajeshi mmoja, Jiang Chaozong, apachikwe ukaimu ili mradi saini ipatikane. Usiku wa 12 kuamkia 13 Juni amri ikatoka. Tarehe 14 Zhang akaingia Beijing.

Usiku wa tarehe 30 Juni mzee alikuwa anaangalia opera kwenye jumba la watu wa kwao Jiangxi. Alfajiri ya tarehe 1 Julai yuko kasri. Akamweleza mtoto kwamba jamhuri imewashinda, wananchi wanataabika, hii nchi haiendani na jamhuri. Puyi akasema kama alivyofundishwa na mwalimu wake kwamba mimi bado mdogo, akajibiwa mfalme Kangxi naye alianza akiwa mdogo zaidi. Kisha mtoto akauliza swali ambalo kwangu ndilo la maana kuliko yote yaliyosemwa na wakubwa siku hiyo: na yule rais je, naye tutampa yale marupurupu tuliyopewa sisi? Akaambiwa rais ameshaomba mwenyewe kujiuzulu. Uongo mtupu, Li Yuanhong hakuwa ameomba chochote, waraka wa kumsingizia ulitungwa. Kesho yake Li akakimbilia ubalozi wa Japani, na kabla madaraka hayajamtoka mkononi akaacha maagizo mawili: makamu wake Feng Guozhang akaimu urais kutokea Nanjing, na Duan Qirui arudi kwenye uwaziri mkuu.

Umeona hapo? Mtu aliyefukuzwa tarehe 23 Mei anarudishwa tarehe 2 Julai na mkono uleule uliomfukuza. Tarehe 3 yuko kwenye kambi ya Machang, kusini ya Tianjin, anakusanya majeshi ya kuiokoa jamhuri. Hana presha, hana haraka ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tarehe 12 majeshi yake yanaingia Beijing, ameshinda. Tarehe 14 Agosti China inatangaza vita dhidi ya Ujerumani na Austria-Hungaria, ileile vita ambayo bunge lilikuwa linaisitia. Ndani ya wiki 12 kila alichokitaka Duan amekipata, rais hayupo, bunge halipo, vita ipo, na juu yake amepata cha nyongeza, sifa ya muokoaji wa jamhuri.

Halafu njoo kwenye hili ambalo mimi naliona ndilo kiini, na watu wanalipita kama hawalioni. Kama umepigana kuiokoa jamhuri, kitu cha kwanza ungefanya ni nini? Si ungewaita wabunge warudi? Lilivunjwa kwa shinikizo la msaliti, msaliti amekimbia, basi bunge lirudi, hesabu ndogo tu. Halikurudi. Duan alikataa. Na hoja iliyotumika, iliyosukwa na kundi la mwandishi na mwanasiasa Liang Qichao lililokuwa upande wake wakati huo, ilikuwa hivi: jamhuri ile ya kwanza ilishakufa pale Zhang Xun alipomrudisha mfalme, kwa hiyo hii tuliyonayo sasa ni jamhuri mpya, na jamhuri mpya inaanza upya na baraza la muda kama ilivyokuwa 1912, lile bunge la zamani lilikufa na jamhuri yake. Soma tena taratibu. Zile siku 12 ambazo kila mtu anaziita utani, kumbe kisheria zilikuwa siriazi kiasi cha kuua bunge. Ufalme haukuwa na nguvu ya kumpa mtoto kiti zaidi ya wiki mbili, ila ulikuwa na nguvu ya kufuta uchaguzi wa nchi nzima. Novemba baraza la muda likakaa, 1918 likaja bunge jipya la watu wa Duan lililopatikana kwa pesa waziwazi.

Sun Yat-sen, kiongozi wa wanamapinduzi, na wabunge wengi wakakataa hiyo hesabu, wakaenda Guangzhou, Septemba 1917 wakaunda serikali yao ya kijeshi kwa jina la kuilinda katiba. Kuanzia hapo China ina serikali mbili, kaskazini na kusini, na majenerali katikati kila mmoja na kodi yake na reli yake, mpaka 1928 ndipo nchi inaunganishwa tena, tena kwa jina zaidi. Ukiwauliza watu nani alipasua nchi wengi watasema Zhang Xun na ufalme wake. Mimi nasema mpasuko haukuanza tarehe 1 Julai bendera za joka za Qing zilipopandishwa. Ulianza pale waliozishusha walipokataa kuwarudisha wabunge.

Najua hapa wapo watakaosema unamsafisha mzee. Hapana, nina ya kumsema, na ni mazito.

La kwanza ni Nanjing. Mwaka 1911 alipokuwa anaulinda mji huo, watu waliokutwa wamekata misuko waliuawa. Nywele tu. Septemba 1913 akarudi akiwa anamtumikia Yuan dhidi ya wanamapinduzi, na askari wake walipouteka mji wakaupora siku kadhaa, wanawake wakateseka, maduka yakabaki kuta. Kati ya waliouawa walikuwemo pia Wajapani watatu, na kwa hao watatu mzee alilazimika kwenda kuomba radhi kwenye ubalozi mdogo wa Japani. Kwa Wachina wa Nanjing hakuna aliyeenda kuomba radhi mlango wowote. Kwa hiyo ukimsifu kwa uaminifu, mtu wa Nanjing ana haki ya kukuuliza uaminifu kwa nani. Kwa familia moja ndani ya ukuta mwekundu, ndiyo. Kwa raia, sahau.

La pili, alimtumia mtoto. Wanaomtetea wanasema alimpenda mfalme wake, sawa, ila upendo gani huo unaomuweka mtoto wa miaka 11 mbele ya mizinga na askari 5,000 tu, wengine karibu wote ukiwaacha Xuzhou? Wakati wa zile siku 12 ndege kutoka kiwanja cha Nanyuan ilikuja ikadondosha mabomu matatu juu ya kasri, ni kati ya mara za mwanzo kabisa China kupigwa bomu kutoka angani. Vibomu vidogo, moja likamjeruhi mbeba machela, moja likaangukia kwenye bwawa la bustani, moja likatua juu ya paa karibu na matowashi waliokuwa wanacheza kamari, halikulipuka. Inachekesha ukiisoma leo. Yule mtoto alikimbizwa chumbani anatetemeka, na mabibi wa kasri wengine wakaingia chini ya meza.

La tatu, na hapa ndipo hoja ya kifalme inavunjikia, aliufufua ufalme ukiwa na kila ugonjwa wake. Maana hoja yenyewe ya kuwa na mfalme haikuwa ya kijinga. Kang Youwei, msomi mkubwa, aliyejaribu kuirekebisha Qing 1898 akakimbia nchi kwa hilo, alikuwa na fikra ambayo mpaka leo mtu unaweza kuikalia ukaijadili: uwe na mfalme asiye na nguvu, wa heshima tu, kama Uingereza, ili kile kiti cha juu kabisa kisigombewe na majenerali, maana kikiwa wazi kila mwenye bunduki atakitaka. Ukiangalia kilichofuata, marais wanaobadilishwa kama shuka, huwezi kumwambia mzee Kang kwamba hakuona mbali. Alikuja Beijing na rasimu zake mkononi, nchi iitwe Dola la China badala ya Qing Kuu, watu wasipige magoti, tofauti ya Mmanchu na Mhan ifutwe. Zhang na wazee wake hawakuzitumia. Wakarudisha Qing vilevile, vyeo vilevile, Zhang akajipa ugavana mkuu wa Zhili, mkoa unaoizunguka Beijing, Kang akapewa cheo cha pembeni cha kukaa kimya. Na mwanafunzi wake wa zamani Liang Qichao ndiye aliyekuwa upande wa pili anaandika telegramu za kuwalaani. Kang aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe alilibeba yeye.

Kuna kimoja cha ajabu lakini. Miongoni mwa amri za mwanzo ilikuwepo ya kuwakataza wana wa kifalme wasijihusishe na siasa. Baba wa Puyi na baba zake wadogo walinuna, walikuwa wanataka vyeo. Kwa hiyo mzee alijua fika ni akina nani waliouharibu ufalme. Alimtaka mfalme bila familia yake. Hapo huwa najiuliza kama angepata mshauri mmoja mwenye busara angeweza kumsikiliza Kang. Nadhani hapana, ila najiuliza.

Na wananchi? Tuwe wakweli, sherehe haikuwepo. Polisi waliamuru kila nyumba Beijing ipandishe bendera ya joka, nani anayo bendera ya joka mwaka 1917, watu wakabandika za karatasi. Mitumba ya majoho ya kikasri ikapanda bei ghafla, na watu wakaenda kwenye maduka ya vifaa vya maigizo kuwaomba wawatengenezee misuko ya singa za farasi ya kubandika. Wengine wanaichukua picha hii kama ushahidi kwamba wananchi waliipenda jamhuri. Mimi sioni hivyo. Mtu anayenunua msuko wa bandia hajampenda mfalme, na hajampenda rais pia, amependa kulala salama. Miaka mitano walikuwa wamebadilishiwa bendera, rais, mfalme, rais tena, unategemea washangilie nini? Utani wa wale vijana wa magazeti haukuwa dhidi ya Zhang peke yake, ulikuwa dhidi ya wote wenye tabia ya kutoa amri.

Mwisho wake ukaja haraka. Askari wa Duan ni wengi mara kadhaa, magavana waliokula Xuzhou hakuna hata mmoja aliyenyanyua mguu kuja kusaidia, tena baadhi yao wako upande wa pili na majeshi yao. Kuna kisa maarufu kwamba Zhang aliagiza kwa fumbo kwenda Xuzhou, tumeni maua vyungu 40, akimaanisha vikosi 40, na msaidizi wake akatuma vyungu 40 vya maua kweli kwenye behewa. Sijali kama kilitokea au kilitungwa baadaye vibarazani, aliyekitunga aliielewa hali kuliko wanahistoria wengi. Tarehe 12 vikosi vya Duan vikapiga pale Hekalu la Mbingu na nyumbani kwa Zhang, moto ukawaka, risasi nyingi sana zikaishia hewani, na mzee akatolewa kwa gari na Wajerumani mpaka ubalozi wa Uholanzi. Kang akaenda kwa Wamarekani. Askari wakakata misuko yao wakaitupa barabarani wakayeyuka mjini.

Sasa adhabu. Umempindua rais, umemgushia waraka, umerudisha ufalme, mji umepigwa mabomu. Ulipewa nini? Oktoba 1918 Zhang akasamehewa. Akaishi Tianjin na mali zake, tajiri wa kutupwa, akafa kitandani kwake Septemba 1923, na Puyi kutoka kasri akampa jina la heshima la marehemu. Puyi naye hakuguswa, Duan alisema mtoto alilazimishwa, makubaliano ya 1912 yakaendelea, mpaka Feng Yuxiang, aliyekuwa mmoja wa makamanda wa kumtoa Zhang 1917 na aliyekasirika kwamba kazi imeachwa nusu, alipomtimua kasri Novemba 1924. Upole huo wote wa 1917 ulitoka wapi? Wanaomtetea Duan wanasema ni busara, alitaka kutuliza nchi. Inawezekana. Ila mtu huyohuyo hakuwa na upole kwa wabunge ambao hawakumuibia mtu kitu. Mimi nasoma hivi, ukimfikisha Zhang mahakamani atafungua mdomo, na akifungua mdomo ataanza kutaja waliokuwepo Xuzhou, kikao kwa kikao, nani alikaa wapi.

Duan akabaki na sifa, wapambe wake wakawa wanasema ameijenga jamhuri mara tatu, 1912, 1916 alipompinga Yuan, na 1917. Akakopa Japani mamilioni ya yen, akaunda jeshi la kwenda kupigana Ulaya ambalo halikwenda Ulaya hata siku moja, lilikuwa la kupigana na Wachina wenzake. Baada ya Puyi kutimuliwa akarudi tena juu kama mtawala wa muda. Tarehe 18 Machi 1926 wanafunzi na raia waliandamana hadi mbele ya ofisi za serikali yake Beijing, bila silaha, walinzi wakawafyatulia risasi, wakafa 47. Siku hiyo mwenye msuko alikuwa amekaa kaburini miaka miwili na nusu.